Barua ya Bi Siwema

Bi Siwema alikuja darasa la watu wazima na bahasha yake mkononi. Binti yake alikuwa amefia ughaibuni, katika nyumba alimokuwa mtumishi, naye alitaka kuwaandikia wenye nyumba kwa Kiingereza wamrudishie maiti azike.

Kiingereza alikuwa nacho, maana aliwapikia wazungu miaka ishirini na sita. Akaandika mwenyewe, polepole, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

Mwalimu Nasra aliposoma, tabasamu likamponyoka. "Bi mkubwa, mbona zote amri? Mleteni. Mfunikeni vizuri. Haraka. Hapa unaomba, mama. Kuna maneno ya kuomba, na ya kutamani: laiti mngeweza..."

"Hayo sikuwahi kuyasikia, mwanangu. Jikoni niliambiwa haya tu."

Tabasamu la mwalimu likafifia. Kalamu nyekundu ikabaki hewani, haikugusa karatasi.

"Basi nisomee nilivyoandika, nisikie kama watanielewa."

Nasra akasoma Kiingereza kile kwa sauti. Kwa neno la kwanza tu, Bi Siwema akainuka kwenye dawati, akajifuta mikono kwa kanga, akasimama wima, kichwa chini, kama anayengoja kutumwa.