Kiraka cha Tumboni

Mshono wa utumbo wa Mwanahawa ulikuwa umefumuka mara mbili. Sasa Daktari Ngeleja alitaka kukata kipande cha utando wa mafuta humohumo tumboni mwake, akiwambe juu ya mshono mpya upate kupona.

"Dada, mwili si mpira wa baiskeli," alisema mdogo wake, Shebe. "Turudi nyumbani."

"Kufanya nini? Kusubiri sanda?"

Miaka ishirini Mwanahawa alikuwa akiziba pancha za mji mzima, na hakuwahi kumwambia mtu akautupe mpira wake kwa sababu umetoboka mara mbili. Akaomba kalamu, akaitia sahihi fomu ya upasuaji mwenyewe.

"Mimi kiraka changu sikiamini mpaka nikitie majini," alimwambia daktari. "Chako utakijaribu vipi?"

"Vilevile. Tutajaza maji tumboni, tupulize hewa ndani ya utumbo."

"Mapovu yakitoka?"

"Tunarudia."

"Basi usinifunge mpaka maji yatulie."

Barakoa ya usingizi iliposhuka usoni, Mwanahawa alibana pumzi, kama afanyavyo kila azamishapo mpira kwenye beseni, akayasubiri maji.