Mstari wa Chaki

Mama alivua ndala, akasimama kwenye fremu ya mlango wetu hapa Kaloleni, Voi, chini ya mstari niliouchora kwa chaki.

Nilikuwa nimeshapanga wikendi yote ya Nairobi: treni daraja la kwanza kutoka Voi, hoteli yenye bwawa la maji moto, bustani mbili za michezo. Ndipo nikaambiwa kwa simu kwamba asiyefika mita moja na arobaini hapandi ile treni ndogo inayopinduka angani. Na ndiyo hiyo Mama aliyoitaka.

Nikapima. "Umepungukiwa na vidole viwili, Mama. Tutakunywa juisi tukiwatazama wengine."

"Nani? Mimi?"

Akafungua kitambaa cha kichwa, tusije tukaambiwa tumeiba urefu. Kwenye paji la uso palikuwa na bonde lililochimbwa na kamba ya kubebea mitungi ya maji, tangu usichana wake Ukambani.

"Nimebeba vya kutosha, Kasiva. Safari hii nabebwa."

Akabana visigino kwenye fremu, akavuta pumzi. Mgongo ukalia, mfupa mmoja baada ya mwingine.

"Pima tena."

Nikainua mkono, nikautafuta mstari. Ulikuwa umefunikwa na mvi zake.