Mkono wa Cephas

Cephas alichovya kijiti kwenye rangi nyekundu iliyobaki alipopaka boti lake, akachora mstari mnene kwenye kikombe cha mkewe, kisichanganywe na vingine. Sahani nayo akaipaka. Kijiko akakitazama kidogo, kisha akakipaka pia, maana hakuwa mtu wa kazi nusunusu.

"Baba Beverly, hata kijiko?" Filister aliuliza.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alijibu, akakohoa. Moshi wa samaki wa mkewe ulikuwa ukimwasha koo tangu Pasaka.

Chanzo kilikuwa Chrispine, mvuvi wa boti lake, aliyepatikana na TB. Muuguzi, Sista Lynnet, alifika Sindo akawadunga mke na mume sindano ndogo ya kipimo kwenye ngozi ya mkono, akachukua na makohozi yao. Siku mbili baadaye alirudi na rula ya kupimia uvimbe, dalili ya vidudu. Mkono wa Filister ulikuwa umevimba kama kitumbua. Wa Cephas ulikuwa laini, utadhani haukuguswa.

"Tungoje majibu ya makohozi kwanza," sista alisema.

Cephas hakumsikia. Alikuwa ameshatoka nje kumwonyesha jirani mkono wake.

Wiki nzima aliuonyesha. Kanisani alikunja shati mpaka kwenye kiwiko, akawaomba waumini wamkumbuke mama watoto. Filister alihamishiwa jikoni, kwenye mkeka kando ya jiko la kukaushia samaki. Jumapili ikifika angerudishwa kwao Asumbi, baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa. Siku ya kwanza alilia sana. Zilizofuata alikunja nguo zake moja moja, akichelewesha kusudi.

Cephas naye alikonda. Alitoboa tundu la tatu kwenye mshipi kwa msumari, akasema ni fikira za kuuguza. Kila asubuhi shuka lake lililowa jasho, naye akalaumu joto la mabati.

Jumamosi sista akaja na pikipiki, mfuko wa dawa begani.

"Mgonjwa yuko jikoni," Cephas alimwelekeza, akijiziba pua kwa kitambaa.

Sista hakwenda jikoni. Alivuta kiti, akaketi.

"Mzee, Filister ana vidudu vya TB, lakini mwili wake umevifungia. Ule uvimbe ni askari wake, wako macho. Makohozi yake ni safi. Nitampa dawa za kujikinga tu."

"Na mkono wangu je? Si uliuona mwenyewe?"

"Niliuona. Askari wako wameamriwa wanyamaze, na ugonjwa ndio uliowaamuru. Makohozi yako yamejaa vidudu."

Cephas aliuteremsha mkono wa shati, akaufunga kifungo.

"Utameza hizi miezi sita," sista aliendelea. "Kila siku, mtu wa nyumbani akikutazama. Tuanze sasa hivi."

Filister akatoka jikoni na maji, ndani ya kikombe chenye mstari mwekundu. Alikuwa ameleta na kijiko.