Kompyuta ya Kijana Wetu

"Inua kidogo, mwanangu. Hapo hapo. Usitikisike."

Wajid Karamat akainua kompyuta mpakato mpaka kifuani, kama mtu anayepigwa picha kituo cha polisi na kibao chake. Mama mwenye shali ya kijani akapiga picha tatu kwa simu, akazitazama, akapiga na ya nne.

"Kwetu hawaamini kitu mpaka wakione," alisema. "Haya, sasa shika ile nyingine."

Ile nyingine ndiyo iliyobeba roho ya Wajid siku hiyo. Ilikuwa ya bei ya kati, rupia laki moja na themanini elfu. Asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, Haji Bashir mwenye duka alikuwa amesema wiki ya tatu hii Wajid anauza za bei ya chini tu. Leo asipouza hata moja ya bei ya kati kabla ya adhana ya magharibi, kesho asijisumbue kuja. "Mtu amepoa kama chai ya jana," Haji aliwaambia. "Anadhani kila mteja ni shangazi yake." Wenzake wakacheka. Wajid naye alicheka, maana angefanya nini. Kazi hapa Lahore haziokotwi njiani, na nyumbani mama yake hana mwingine wa kumtegemea.

Sasa alasiri ilikuwa inakwisha, na mteja wake wa pekee alikuwa huyu mama. Alipoingia aliwapita wauzaji wawili waliomkimbilia, akaja moja kwa moja kwa Wajid na kusema anataka kompyuta ya kijana wao. Tangu hapo ameketi kwenye kiti cha Haji saa nzima, kanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, na maswali yake hayana mbele wala nyuma. Betri hakuuliza. Memori hakuuliza. Aliuliza duka linafungwa saa ngapi, na kama Wajid anakula hotelini au anabeba chakula cha nyumbani. Kisha akauliza mteja akimfokea anafanyaje.

"Nanyamaza, mama. Halafu naenda kunywa maji."

"Na ukirudi?"

"Tunaendelea pale tulipoishia."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. Wajid akaona hapa anamaliziwa siku bure. Akajikaza, akaziweka kompyuta zote mbili mezani, ya elfu tisini na ya laki moja na themanini.

"Huyo kijana wenu ataitumia kwa kazi gani, mama?"

"Kuangalia kriketi. Barua mbili tatu za kazi. Picha za harusi, zikiwepo."

"Na umeme ukikatika?"

"Umeme ukikatika atakaa gizani kama sisi wengine." Akaegemea mbele. "Mimi vitu hivi sivijui. Niambie wewe nichukue ipi. Niambie kama unavyomwambia mama yako mzazi."

Kule kwenye kaunta Haji Bashir akaweka simu chini, akamkodolea macho Wajid.

Neno lilikuwa moja tu, na Wajid alilijua. Aseme ile ya kati ndiyo yenyewe, mama achukue, yeye kesho aje kazini. Wenzake walilisema neno hilo mara kumi kwa siku na usiku wakalala usingizi mzito. Akamtazama yule mama. Akatazama mkoba wake, mpini umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Akajiona mjinga, akasema.

"Chukua hii ya elfu tisini. Kwa kriketi na barua inatosha na kubaki. Ile nyingine ni nzuri, mimi mwenyewe naitamani, kila asubuhi naifuta vumbi. Lakini kijana wenu hataitumia hata nusu. Pesa inayobaki mfanyieni jambo jingine."

Haji akakohoa, na hakuwa na mafua.

"Na wewe unafaidi nini nikichukua ya bei ndogo?" mama aliuliza.

"Sifaidi kitu, mama. Ndiyo hivyo tena."

Mama akachukua simu, akapiga, akageukia ukutani. Wajid alisikia maneno machache tu. "Huyu huyu. Hapana, sina haja ya kwenda kumwona mwingine." Akajua anamsema muuzaji wa ghorofa ya juu, yule hodari wa kushusha bei. Basi angalau biashara ya elfu tisini haikupotea. Akaanza kutafuta boksi lake.

"Nifungie hii ya kati," mama alisema.

"Mama, si nimekueleza..."

"Nimesikia, mwanangu. Funga."

Haji Bashir alifika kabla ya boksi. Alitabasamu mpaka masikioni, akapokea pesa kwa mikono yake mwenyewe, akampigapiga Wajid mgongoni kana kwamba ya asubuhi yalisemwa na mtu mwingine. Wajid hakujali. Kazi ipo, kesho ipo, na hakumdanganya mtu. Akavuta karatasi ya waranti na kalamu.

"Hapa panatakiwa jina kamili la mwenye kompyuta," alisema. "Kijana wenu anaitwa nani?"

Mama alikuwa ameshasimama, anajifunga shali yake vizuri.

"Wajid Karamat," alisema. "Na uandike vizuri, mkwe wangu, mama yako ametuonya kuhusu mwandiko wako."