Kiboko Afuta Uchaguzi

Bwawa lilikuwa la Kiboko, na aliyetaka kunywa ilibidi kwanza amletee mzigo wa majani mabichi. Kiboko alinenepa bila hata kutoka majini.

Wanyama wakachoka, wakaitisha uchaguzi. Kura ilikuwa kuinua mkia, na mikia mingi ikamwinukia Mhanga, yule mla mchwa asiyejua kazi nyingine ila kuchimba. Siku hiyohiyo akatangaza kuwa maji ni ya wote. Kisha akawa anawapeleka kila jioni kwenye mchanga wa mto mkavu, wachimbe visima.

"Maji si tunayo bwawani?" alilalamika Nyumbu. "Tunachimba ya nini?"

"Chimba tu, ndugu," alijibu Mhanga.

Kiboko naye hakulala. Alimwahidi Chui kuwa atawinda bwawani apendavyo, na Chui akamtimua Mhanga mbele ya kadamnasi.

"Uchaguzi nimeufuta!" Kiboko akanguruma. "Nyie, leteni majani!"

Hakuja hata mmoja. Kesho yake vilevile. Chui alipokosa wa kuwinda, akahama zake. Kiboko, aliyekwisha kusahau hata kujitafutia chakula, alikonda mpaka ngozi ikamning'inia, ndipo akajikokota hadi mtoni. Akawakuta wote wanakunywa visimani mwao huku wakicheka, na Mhanga katikati yao, pua imejaa mchanga.

"Ndugu zangu," alisema Kiboko kwa upole, akiinua juu kimkia chake kifupi, "hivi uchaguzi mwingine ni lini?"