Mgeni Kwenye Mahindi ya Mbegu

Siku hizo sheria ilikuwa moja: mdudu hauawi mpaka ukoo wake ujulikane. Bibi Tusajigwe alimtoa mbawakawa mwingine kwenye mahindi yake ya mbegu, akamweka mbele ya kikaguzi, kile chombo cha serikali cha kutambua wadudu.

"Mgongo ni wa dumuzi," kikaguzi kilisema, "lakini nasaba inakataa. Subiri."

"Siku ya tisa nasubiri! Mwenzangu hasubiri, anatafuna."

Sekela, mke wa mwanawe, alikuwa amempepetea debe zima bila kuombwa, tena kwa upole, asimvunje mdudu hata mguu. "Mama, pumzika. Mbona kwa sura ni dumuzi tu?"

"Kiambie hicho, mwanangu. Mimi kimenichosha."

Kikaguzi kikalia. "Hongera, Bibi! Huyu hana ndugu popote duniani. Ukoo wake mpya umepewa jina lako. Mahindi haya ndiyo makazi yake pekee. Yasiguswe, yasipandwe."

Sekela akaangalia nje. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, na shamba lililolimwa lilikuwa tupu.

"Sasa tutapanda nini, Mama?"

Bibi alikuwa ameinamia kihenge cha mahindi ya mbegu, akiwasikiliza akina Tusajigwe wakitafuna.