Kiti cha Baba Kilimani

Tegua hiki kabla sijaanza, mjukuu wangu: mzigo gani humbeba anayeubeba? Usijibu upesi. Kiweke mdomoni kama pipi, kiyeyuke polepole. Ukishindwa utanipa mji, na usinipe ule ule wa siku zote.

“Mama, mwambie huyo aliye nyuma asisukume.”

“Gethin, Idwal anasema usisukume.”

“Mwambie sisukumi. Mlima ndio unasukuma.”

“Idwal, anasema ni mlima.”

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipanda, wana wawili wa Mairwen, watu wazima wenye mvi, wamembeba mama yao kwenye kiti cha mikono cha marehemu baba yao. Idwal, yule mkubwa, alishika miguu ya mbele. Gethin alishika mgongo wa kiti, haoni anapokanyaga. Ngome ilikuwa juu kabisa, mawe meusi yamezama mawinguni, na njia ya kwenda huko ni ya kondoo: nyasi zinateleza, miamba, na kilango chembamba ambacho kiti cha magurudumu hakipiti hata ukiimba.

Miaka minne hawajasemezana. Siku ya mazishi ya baba yao, Idwal alimpakia mbwa wa mzee kwenye gari akaondoka naye bila kuuliza, Gethin akabaki uani na kamba mkononi. Maneno yakaishia hapo. Tangu siku hiyo mama ndiye aliyekuwa kinywa chao. Krismasi anatumwa, siku za kuzaliwa anatumwa, na kila mmoja alikuwa na Jumapili yake ya kuja nyumbani, wasije wakagongana mlangoni. Alikuwa amechoka, mama wa watu. Alitaka jambo moja tu kabla hajalazwa kando ya mumewe: awasikie wanawe wakiongea.

Wiki ile akawapigia simu, mmoja baada ya mwingine. Goti limekataa, alisema. Nataka kufika ngomeni mara ya mwisho, pale aliponiposa baba yenu, na mmoja wenu peke yake hawezi kunibeba.

Wakaja asubuhi, Idwal kwa mlango wa mbele, Gethin kwa mlango wa nyuma. Walimkuta ameketi, blanketi magotini. Kando ya mlango palikuwa na kapu la viazi, udongo bado mbichi.

“Nani kakuchimbia viazi?” Idwal aliuliza kwa sauti ndogo.

“Funga mlango, baridi inaingia,” mama akajibu.

Idwal akamtupia mdogo wake jicho la kuiba, la kwanza kwa miaka minne. Gethin naye alikuwa akilitazama kapu, halafu akavitazama viatu vya kaka yake.

Basi walipofika penye mwamba mkali, mama alishusha pumzi. “Nimechoka, wanangu. Nafumba macho kidogo.” Kichwa kikalala begani.

Wakasimama. Hapakuwa tena na mtu wa kutumwa. Upepo ulivuma, kondoo mmoja akawatazama huku anatafuna.

Idwal akakohoa. “Jiwe,” alisema, kana kwamba anamwambia yule kondoo.

“Upande gani?”

“Kushoto. Inua. Inua bwana, kwani umekula nini asubuhi?”

“Kipande kimoja cha mkate wa zabibu. Uliobaki si umeumaliza wewe.”

“Nyamaza, utamwamsha.”

Walifika wamelowa jasho na manyunyu. Wakakiweka kiti katikati ya ua wa ngome, chini ya mnara, wakamfunika mama vizuri, wakajikokota hadi ukutani. Wakakaa wamekipa kiti migongo. Walikuwa wamechoka hata ukaidi ukawashinda kuubeba.

“Mbwa je?” Gethin aliuliza.

“Kazeeka. Hata ngazi hapandi. Namlaza jikoni.” Idwal alifuta pua kwa mkono wa koti. “Sikupaswa kumchukua vile. Ni kwamba alikuwa na harufu ya baba.”

Gethin alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa kaka yake kwanza.

Chini kule nyumba yao ilionekana ndogo kama kibiriti, na nyuma yake bustani ya mboga, nusu imechimbwa, matuta yamenyooka kama enzi za mzee.

“Umefanya vizuri, mdogo wangu,” Idwal akasema. “Nilipoviona vile viazi asubuhi nilijiona si mtu. Mimi nikija nakunywa chai naondoka.”

“Viazi si umechimba wewe?”

“Mimi? Saa ngapi?”

“Kaka, aibu yote hii nimepanda nayo mlima mzima nikijua ni wewe.”

Wakatazamana. Kisha wakageuka pamoja kumwuliza mama. Kwenye kiti palikuwa na blanketi tu, limekunjwa vizuri.

“Mama?” Idwal aliita, amesimama na kifuniko cha chai mkononi. “Nani kachimba viazi?”

Sauti ikawajia kutoka juu ya vichwa vyao, kileleni mwa mnara, kule zinakoishia ngazi za mawe, wala haikuwa na dalili ya kuhema.

“Mimi.”